Uzee Unaong'aa: Asili ya Nuru ya Urujuanimno katika Galaksi Duaradufu kwa Mtazamo wa Mwanza

Ikisiri

Makala haya yanaeleza chanzo cha nuru ya urujuanimno inayotoka katika galaksi duaradufu, ambazo kwa muda mrefu zilidhaniwa kuwa hazina nyota za kuweza kutoa nuru ya namna hiyo. Hoja yake kuu ni kwamba nuru hiyo, kwa sehemu kubwa, si dalili ya ujana bali ni zao la nyota kongwe na ndogo zilizopoteza ganda lao la haidrojeni. Na kwamba mjadala wa kitaalamu uliobakia hauhusu sana ni nyota zipi, bali zilivuliwaje ganda hilo. Mifano ya ufafanuzi imechukuliwa Mwanza na katika mwambao wa Ziwa Victoria.

1.0 Utangulizi

Katika usiku wa giza la mwezi, mtu atazamaye ziwa kutoka vilima vya Capri Point au Bugando mjini Mwanza huona taa nyingi juu ya maji. Ni taa za wavuvi wa dagaa. Dagaa hufuata nuru, na ndiyo maana usiku wa mbalamwezi kali wavuvi wengi hubaki nchi kavu. Taa zilizo karibu huonekana moja moja, na mtazamaji anaweza hata kuzihesabu. Zilizo mbali, kuelekea Ukerewe, huchanganyika na kuwa mng'ao mmoja hafifu juu ya upeo wa macho. Kuhusu mng'ao huo mtazamaji hana awezalo kuuliza ila mambo mawili tu: una nguvu kiasi gani, na una rangi gani.

Mwanafalaki anayechunguza galaksi duaradufu yumo katika hali hiyo hiyo. Galaksi iitwayo M87, iliyo katika kundi la Mashuke, ina nyota nyingi mno, lakini umbali wake wa takribani miaka ya nuru milioni 53 unazifanya zote zionekane kama doa moja la ukungu. Kutokana na doa hilo ndipo atakiwapo kueleza ni nyota za namna gani zilizomo, zina umri gani, na zimepitia mambo gani. Akikosea kusoma rangi, atakuwa amekosea pia kusoma historia. Tatizo linalojadiliwa hapa lilizuka hasa kwa sababu rangi iliyopatikana haikuafikiana na historia iliyokuwa imekwisha kukubaliwa.

Mwanza ni mahali panapofaa kuanzia mjadala huu kwa sababu moja ya kijiografia. Mji huu uko nyuzi 2 na nusu tu kusini mwa Ikweta, na kwa hiyo karibu anga lote, la kaskazini na la kusini, hupita juu yake katika muda wa mwaka mmoja. Galaksi ya Andromeda, ambamo tatizo lilitambuliwa kwanza, hupanda upande wa kaskazini hadi nyuzi 46 hivi juu ya upeo. M87 hupanda hadi nyuzi 75. NGC 1399, iliyo upande wa kusini na ambayo ni mojawapo ya galaksi zenye urujuanimno mkali kupita nyingine za aina yake, hufika nyuzi 57. Mashada makubwa ya nyota ya Omega Centauri na NGC 2808, ambayo yametoa ushahidi muhimu katika suala hili, hufika nyuzi 45 na 28 mtawalia. Mtafiti wa Ulaya ya kaskazini hawezi kuyaona mashada hayo mawili akiwa kwao. Naye wa kusini kabisa mwa Afrika huiona Andromeda ikiwa chini sana kwenye upeo. Shahidi wote wakuu wa kesi hii hupita mbele ya mkazi wa Mwanza.

Hata hivyo, hakuna darubini ya Mwanza wala ya mahali pengine popote juu ya ardhi iwezayo kuuona urujuanimno unaohusika. Hewa huuzuia. Jambo hili linahitaji maelezo kidogo, pamoja na istilahi zake.

2.0 Istilahi

Neno urujuanimno limeundwa kwa kuunganisha nomino urujuani na kielezi mno. Katika matumizi ya kawaida, mno hueleza kiwango kilichozidi: baridi mno, ghali mno. Hakielezi kuvuka mpaka. Kwa hiyo msomaji asiyeelekezwa anaweza kudhani kwamba urujuanimno ni urujuani uliokolea sana, ilhali ni nuru isiyoonekana kabisa kwa jicho la binadamu, iliyo ng'ambo ya urujuani. Maana hiyo ya ng'ambo ndiyo iliyomo katika kiambishi cha Kilatini kilichotumika kuunda istilahi za lugha za Ulaya. Neno lenyewe limekwisha kuenea na makala haya hayapendekezi libadilishwe. Inatosha mwalimu alitaje jambo hili mapema, kabla mwanafunzi hajajijengea picha isiyo sahihi.

Kwa vipimo, jicho huona mawimbi yenye urefu wa nanometa 400 hadi 700 hivi. Mawimbi mafupi kuliko nanometa 400 ni urujuanimno. Ule unaojadiliwa hapa ni wa mbali zaidi, kuanzia nanometa 250 kushuka hadi kama 91. Tabaka la ozoni huzuia karibu mawimbi yote yaliyo chini ya nanometa 290, na oksijeni ya kawaida huzuia yaliyo mafupi zaidi. Ngao hiyo inayomnyima mwanafalaki data zake ndiyo inayohifadhi uhai. Katika Kanda ya Ziwa jambo hili si la nadharia. Urujuanimno wa jua unaofaulu kupenya, ambao ni sehemu ndogo tu na wa mawimbi marefu zaidi, ni mkali sana karibu na Ikweta, na wanaoumizwa nao kuliko wote ni watu wenye ualbino, ambao ngozi yao haina kinga ya rangi. Utafiti wa Hospitali ya Bugando uliochapishwa mwaka 2012 uliwahusu wagonjwa 64 wenye ualbino waliokuwa na saratani ya ngozi. Iwapo madhara hayo yanatokana na masalio ya urujuanimno wa nyota yenye joto la wastani tu kama jua, mtu anaweza kukisia nguvu ya ule wa nyota yenye joto mara nne au tano zaidi.

Istilahi nyingine inayoweza kukwaza ni metali. Wanafalaki huita metali kila elementi iliyo nzito kuliko haidrojeni na heli, hata oksijeni na kaboni. Mwalimu wa kemia hawezi kukubaliana nao, na ana haki. Lakini mazoea hayo ni ya muda mrefu, na makala haya yanayafuata kwa sababu maandishi yote ya fani hiyo yanayafuata.

Ama galaksi duaradufu, hizo ni galaksi zisizo na mikono ya msokoto kama ile ya galaksi yetu ya Njia Nyeupe. Umbo lao ni la mviringo au la yai. Zina gesi baridi na vumbi kidogo sana, na kwa kuwa nyota huzaliwa katika gesi baridi, uzazi wa nyota ndani yake ulikwisha zamani. Nyota zilizobaki, nyingi zina umri wa miaka bilioni 8 au zaidi. Kwa mfano wa kijamii, ni vijiji ambavyo watoto hawazaliwi tena.

3.0 Rangi, joto na umri

Kanuni inayounganisha rangi na joto ni rahisi: kadiri kitu kinavyozidi kuwa cha moto, ndivyo nuru yake nyingi inavyotoka katika mawimbi mafupi zaidi. Jua, lenye joto la Kelvini 5,800 usoni pake, hutoa nuru yake ya juu kabisa kwenye nanometa 500 hivi. Jitu jekundu lenye Kelvini 4,000 hutoa yake kwenye nanometa 725. Ili kilele cha nuru kiwe katika urujuanimno wa mbali, kama nanometa 116, huhitajika joto la Kelvini 25,000. Anayelinganisha koroboi na karabai hupata picha ya tofauti hiyo, ingawa ulinganisho huo una mipaka, kwa sababu weupe wa karabai hautokani na joto peke yake bali pia na kemikali zilizomo katika kifuko kinachowaka. Siku hizi taa za betri na za nguvu ya jua zimeanza kuchukua nafasi ya karabai ziwani, nazo hazifuati kanuni hii hata kidogo.

Uhusiano wa rangi na umri ni wa mzunguko zaidi. Nyota kubwa huwa za moto sana na huteketeza fueli yake upesi; nyota ndogo huwa baridi na hudumu. Kilimia, kishada ambacho wakulima wengi wa Afrika Mashariki wamekitumia kutambua majira, ni mfano mzuri wa nyota za samawati zenye joto kali. Umri wake ni kama miaka milioni 100 tu, yaani kabla ya hapo hakikuwapo, wakati Dunia ilikuwa imekwisha kuwapo kwa zaidi ya miaka bilioni 4. Katika shada lenye umri wa miaka bilioni 10 nyota za namna hiyo zote zimekwisha kufa. Zilizosalia ni ndogo za manjano na majitu mekundu. Kutokana na hayo ikajengeka kanuni ya mkato iliyofundishwa kwa vizazi: samawati ni ujana, wekundu ni uzee.

Kanuni hiyo ni sahihi mara nyingi. Galaksi duaradufu zinaonyesha pale inapovunjika.

4.0 Kuzuka kwa tatizo

Tarehe 7 Desemba 1968 Marekani ilirusha chombo cha OAO-2, darubini ya kwanza yenye mafanikio makubwa iliyoweza kupima urujuanimno wa nyota ikiwa nje ya hewa. Miongoni mwa shabaha zake ilikuwa sehemu ya kati ya galaksi ya Andromeda. Sehemu hiyo si galaksi duaradufu, lakini nyota zake ni kongwe na kwa mambo mengi hufanana nazo. Ilitarajiwa kwamba nuru yake ingezidi kufifia kadiri mawimbi yanavyokuwa mafupi, hadi kutoweka. Ilififia kweli mpaka karibu nanometa 250. Baada ya hapo, kinyume cha matarajio, ilianza kupanda tena.

Mpando huo ulithibitishwa baadaye katika galaksi duaradufu zenyewe kwa vyombo vingine, hasa IUE kilichofanya kazi kuanzia 1978 hadi 1996. Mwaka 1988 Burstein na wenzake walichapisha uchambuzi wa data za chombo hicho ulioongeza utata badala ya kuupunguza. Walionyesha kwamba mpando huo ni mkali zaidi katika galaksi zenye metali nyingi. Kwa kawaida metali hufanya kinyume: huinyonya nuru ya mawimbi mafupi na kuzifanya nyota zionekane nyekundu zaidi. Katika mashada ya Njia Nyeupe yenyewe, kwa ujumla, ni yale yenye metali chache ndiyo yenye nyota nyingi za samawati miongoni mwa kongwe. Basi galaksi zilizopaswa kuwa nyekundu kuliko zote kwa umri na kwa kemia ndizo zilizokuwa na urujuanimno mwingi kuliko zote.

5.0 Watuhumiwa

Mtuhumiwa wa kwanza alikuwa ujana. Huenda galaksi hizo zilikuwa bado zinazaa nyota chache kwa siri, na nyota kubwa changa zikatoa urujuanimno wote. Dhana hii ilikuwa na mvuto kwa sababu haikulazimu kubadili kanuni yoyote. Ilianguka kwa ushahidi wa aina mbili. Picha za urujuanimno zilizopigwa kutoka chombo cha Columbia mnamo Desemba 1990, katika safari iliyoitwa Astro-1, zilionyesha kuwa nuru hiyo imetandazwa laini katika galaksi nzima kama zilivyotandazwa nyota kongwe. Nyota changa hazikai hivyo. Hukaa kwa vikundi, kama watoto uwanjani. Ushahidi wa pili ulitoka katika safari hiyo hiyo. Darubini ya Hopkins ilichambua nuru ya NGC 1399 hadi mwisho wa nanometa 91, ikabainisha kwamba mpando wake unalingana na joto la Kelvini 24,000 hivi. Kama chanzo kingekuwa nyota kubwa changa, zingekuwapo pia zile za moto zaidi pamoja na alama za kaboni zinazoambatana nazo. Hazikuonekana. Kadhalika ilibidi kuondolewa dhana ya kwamba nuru inatoka katika viini vyenye mashimo meusi: M87 ina mchirizi wa aina hiyo unaong'aa hata katika urujuanimno, lakini huo ni mstari mwembamba unaoweza kutengwa na nuru iliyosalia.

Hapa inafaa kutahadharisha. Darubini ya GALEX, iliyofanya kazi kati ya 2003 na 2013, ilipima maelfu ya galaksi na kuonyesha kwamba si chache kati ya duaradufu zina masalio madogo ya uzazi wa nyota. Kwa hiyo ujana haukufutwa kabisa katika orodha. Kilichofutwa ni uwezo wake wa kueleza galaksi zenye mpando mkali, kama NGC 1399.

Mtuhumiwa wa pili alikuwa nyota inayokufa. Kila nyota ndogo, baada ya kuwa jitu jekundu kwa mara ya mwisho, hupuliza nje tabaka zake na kiini chake cha moto hubaki wazi kabla ya kupoa na kuwa kibete cheupe. Katika hatua hiyo joto lake huweza kufikia Kelvini 100,000 na mng'ao wake kuuzidi ule wa jua mara maelfu. Hakuna shaka kwamba nyota hizo zipo katika kila galaksi kongwe. Ugumu ni kwamba hatua yenyewe ni fupi mno, miaka elfu kumi hadi laki moja, sawa na njiti ya kiberiti katika maisha ya nyota. Greggio na Renzini, katika makala yao ya mwaka 1990, walilikabili suala hili kwa hesabu ya fueli: nyota haiwezi kutoa nuru zaidi ya fueli iliyobaki nayo. Hesabu yao ilionyesha kwamba njiti hizo zinatosha kueleza galaksi zenye mpando hafifu, lakini haziwezi kufikia mpando mkali. Aidha, zina joto kupita lile lililopimwa na darubini ya Hopkins.

Akabaki mtuhumiwa wa tatu, ambaye kwa muda mrefu hakupewa uzito kwa sababu ya udogo wake.

Nyota yenye tungamo karibu na lile la jua, ikimaliza haidrojeni ya kiini chake, huvimba na kuwa jitu jekundu. Kiini cha heli hukua ndani yake mpaka kifikie kama 0.47 ya tungamo la jua, ndipo heli inapowaka kwa mshtuko. Baada ya hapo nyota hutulia ikiunguza heli kwa muda wa takribani miaka milioni 100. Wanafalaki huiita hatua hii tawi mlalo, kwa sababu ya mahali nyota hizo zinapojipanga katika mchoro wa joto na mng'ao. Sura ya nyota katika hatua hii hutegemea unene wa ganda la haidrojeni lililobaki kuzunguka kiini. Ganda likiwa nene, nyota huonekana ya manjano au nyekundu. Likiwa jembamba, kiini hukaribia uso, na nyota huwa ya samawati. Likiwa chini ya 0.02 ya tungamo la jua, nyota huwa karibu uchi: joto la uso wake hufika Kelvini 20,000 hadi 30,000 na zaidi, na karibu nuru yake yote hutoka katika urujuanimno. Tena, kwa kukosa ganda, ikimaliza heli haiwezi kuvimba upya kuwa jitu. Huendelea kung'aa katika hali hiyo ya moto mpaka inapogeuka kibete.

Nyota moja ya namna hiyo hung'aa kama majua 10 au makumi kadhaa tu. Lakini hudumu mara elfu na zaidi kuliko ile inayokufa. Hii ndiyo tofauti kati ya njiti na taa. Uchambuzi wa data za safari ya Astro-2 ya Machi 1995, uliofanywa na Brown na wenzake na kuchapishwa 1997, ulionyesha kwamba inatosha sehemu ndogo tu ya nyota za tawi mlalo, chini ya 1 katika 10, kuwa za namna hiyo ili mpando mzima ueleweke. Walio wengi katika kijiji wanaweza kuendelea na koroboi zao. Wachache wakibadili taa, mng'ao wa mbali utabadilika rangi.

Ushahidi wa kuona kwa macho ulifuata. Galaksi ya M32 ni duaradufu ndogo iliyo kando ya Andromeda, umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5 hivi. Darubini ya Hubble iliielekea katika urujuanimno na kufanikiwa kuzitenganisha nyota zake: kama 8,000 za samawati zilihesabiwa moja moja. Zilikuwa za tawi mlalo. Nyota za moto zinazokufa zilionekana chache kuliko nadharia ilivyotabiri, jambo ambalo lina mjadala wake lenyewe.

6.0 Ganda lilipotelea wapi?

Kwa kuwa nyota zimekwisha kutambuliwa, swali limehama. Jitu jekundu la kawaida hubaki na ganda nene. Ili nyota ifike katika hali ya uchi, sharti ipoteze karibu ganda lote, na ifanye hivyo bila kuharibu uwakaji wa heli. Ni bahati nasibu yenye shabaha finyu sana. Maelezo makuu yaliyopo ni matatu, na yanatofautiana kwa namna ambayo inafaa kuonyeshwa.

La kwanza ni umri pamoja na metali. Nyota yenye metali nyingi huenda inapoteza maada zaidi inapokuwa jitu, na kadiri galaksi inavyozeeka ndivyo nyota zinazofikia hatua hiyo zinavyokuwa nyepesi tangu mwanzo. Maelezo haya yanaoana vizuri na matokeo ya 1988. Udhaifu wake ni kwamba upotevu wa maada wa majitu mekundu haujawahi kukokotolewa kutokana na misingi ya fizikia. Hukadiriwa kwa fomula za majaribio, na mtafiti anaweza kupata jibu alitakalo kwa kubadili kigezo kimoja.

La pili ni heli. Nyota iliyozaliwa na heli nyingi huishi upesi zaidi, na kwa umri ule ule wa shada inayofikia tawi mlalo huwa nyepesi, yenye ganda jembamba. Hapa ndipo mashada ya kusini yanapotoa ushahidi. Katika Omega Centauri na NGC 2808, vipimo vya Hubble vilivyochapishwa kati ya 2004 na 2007 vilionyesha kwamba nyota zilizodhaniwa kuwa za namna moja zimegawanyika katika mifuatano zaidi ya mmoja, na tofauti hiyo haielezeki kwa urahisi ila kwa heli. Mashada yote mawili yana nyota nyingi za tawi mlalo zilizo moto kupindukia. Haijabainika ni kwa njia gani galaksi nzima ingejipatia heli kiasi hicho, lakini tukio lenyewe linajulikana kuwa linawezekana.

La tatu ni unyang'anyi. Nyota nyingi huzaliwa zikiwa jozi, na mwenzi aliye karibu anaweza kulivua ganda la jitu jekundu, ama kwa kulifyonza polepole ama kwa kulipuliza nje pale nyota zote mbili zinapomezwa na ganda moja. Vilevile vibete viwili vya heli vinaweza kugongana na kuwa nyota moja isiyo na ganda. Han, Podsiadlowski na Lynas-Gray waliijenga nadharia hii kikamilifu mwaka 2007.

Wazo la nyota moja kuinyang'anya nyingine lina historia inayoihusu Afrika Mashariki moja kwa moja. Tarehe 12 Desemba 1970 chombo cha kwanza kilichokusudiwa mahususi kwa unajimu wa eksirei kilirushwa kutoka jukwaa la Waitalia la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Latitudo ya mahali hapo haipishani na ya Mwanza hata kwa nusu digrii. Palichaguliwa kwa kuwa mzunguko wa Dunia husaidia urushaji karibu na Ikweta. Kwa kuwa siku hiyo ilikuwa ya kuadhimisha miaka 7 ya uhuru wa Kenya, chombo kiliitwa Uhuru, na neno hilo la Kiswahili limebaki katika fasihi yote ya fani hiyo. Uhuru kilionyesha kwamba chanzo cha Centaurus X-3 ni jozi: kitu kidogo kizito kinachopokea maada kutoka kwa nyota kubwa, na kumzunguka mwenziwe kwa siku 2 na kidogo. Kilionyesha pia kwamba makundi ya galaksi, pamoja na lile la Mashuke lenye M87, yamejaa chanzo cha eksirei kilichotandaa, ambacho baadaye kilieleweka kuwa gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya Kelvini. Matokeo haya mawili yanagusa suala la urujuanimno katika ncha zake mbili. Gesi ya moto kiasi hicho haiwezi kuzaa nyota, na hivyo inasaidia kueleza kwa nini ujana haupo. Na jozi inayonyang'anyana inaonyesha njia mojawapo ya uzee kupata joto.

Kuhusu nguvu ya maelezo haya ya tatu, ushahidi wa Njia Nyeupe umegawanyika kwa namna ya kushangaza. Katika uwanda wazi wa galaksi yetu, sampuli iliyochapishwa na Maxted na wenzake mwaka 2001 ilionyesha kwamba theluthi mbili hivi ya nyota za aina hii zina mwenzi wa karibu. Lakini ndani ya mashada kama NGC 6752, nyota za aina ile ile zina wenzi wachache mno. Maana yake ni kwamba maumbile yanajua njia zaidi ya moja ya kuifikia shabaha ile finyu. Kwa maoni ya makala haya, watafiti wanaotafuta maelezo mamoja yatakayofuta mengine yote hawajaupa ushahidi huu uzito unaostahili.

7.0 Kipimo cha wakati

Nadharia hizi zinaweza kutofautishwa kwa kutazama mbali zaidi. Nuru ya galaksi iliyo mbali iliondoka huko zamani, kwa hiyo kuitazama ni kutazama enzi iliyopita. Kama chanzo ni umri, mpando unapaswa kudhoofika upesi kadiri mtu anavyorudi nyuma, kwa kuwa nyota zilikuwa bado hazijawa nyepesi vya kutosha. Kama chanzo ni jozi, mpando unapaswa kubadilika kidogo tu, kwa sababu unyang'anyi hausubiri uzee.

Vipimo hivyo ni vigumu, kwani nuru inayotafutwa ni hafifu sana na uzazi mdogo tu wa nyota unatosha kuichafua. Uchunguzi wa makundi ya galaksi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba mpando unaendelea kuwapo kwa kurudi nyuma miaka zaidi ya bilioni 5, kisha unaanza kupungua. Kupungua huko hakupatani na unyang'anyi wa jozi peke yake. Kudumu kwake kwa muda mrefu kiasi hicho, kwa upande mwingine, hakupatani na nyota za heli ya kawaida zilizotegemea umri tu. Kwa sasa maelezo ya heli nyingi ndiyo yanayovuka kipimo hiki kwa urahisi zaidi, ingawa yanadai jambo ambalo chanzo chake hakijulikani.

Lililo bayana ni athari yake kwa wale wanaotumia rangi kama saa. Mtafiti anayekadiria umri wa galaksi ya mbali kwa kutumia urujuanimno wake, bila kutenga mchango wa nyota kongwe zisizo na ganda, ataihesabu galaksi iliyozeeka kuwa bado inazaa, na makosa yake yatakuwa makubwa zaidi hasa katika galaksi kubwa zenye metali nyingi. Na kipimo cha moja kwa moja, yaani kuzitazama nyota hizo moja moja na kuuliza iwapo zina wenzi, kimewezekana katika Njia Nyeupe pekee. Katika M32 nyota zimeweza kuhesabiwa lakini ni hafifu mno kwa swali hilo. M87 na NGC 1399 ziko mbali kuliko M32 zaidi ya mara 20.